Hasimu, Adui na Kikwazo: Uhakiki wa Matumizi ya Maneno Matatu Katika Sentensi za Darasani

Utangulizi

Zoezi la kutunga sentensi ni kongwe katika ufundishaji wa Kiswahili, na aghalabu hupewa heshima ndogo. Mwalimu huandika neno ubaoni, mwanafunzi hulitungia sentensi moja, mwalimu hutia alama ya vema au ya kosa, kisha somo huendelea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba yako maneno yasiyostahili kupitishwa darasani kwa wepesi huo. Miongoni mwayo ni yale yanayomtaja mtu tunayepambana naye, na yale yanayolitaja jambo linalotuzuia tusisonge mbele. Upande mmoja tunayo hasimu, adui, mpinzani, mshindani na hasidi. Upande wa pili tunayo kikwazo, kizuizi na kipingamizi.

Tutayahakiki kwa kutumia aina ya sentensi zinazotungwa na wanafunzi wa huku Bugeshi, wilaya ya Rubavu, chini ya mlima Karisimbi. Hapa Kinyarwanda ndiyo lugha ya mama, Kiswahili cha Goma husikika sokoni, na Kiswahili sanifu ni lugha ya shule. Tangu Bunge lilipoidhinisha jambo hilo mwaka 2017, Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Mwanafunzi wetu, kwa hiyo, anajifunza lugha atakayoandikia barua na kusomea magazeti ya Afrika Mashariki nzima. Hana budi kuyajua maneno yake kwa mipaka yake.

Hoja yetu ni hii: mwanafunzi asiyejua tofauti za maneno haya hukimbilia neno moja tu, nalo ni adui, hata kila anayemzuia akawa adui. Umaskini huo wa msamiati una madhara popote; katika nchi yetu una uzito wa pekee, kama tutakavyoeleza.

Sentensi tatu za mfano

Tuanze na sentensi tatu ambazo mwalimu yeyote wa wilaya hii atazitambua:

(a) Nyati ni hasimu wa mkulima wa viazi.
(b) APR ni adui wa Rayon Sports.
(c) Umaskini ni adui yetu.

Ukizipima kwa sarufi peke yake, zote tatu zinapita. Upatanisho ni sahihi, mpangilio wa maneno ni sahihi, na maana inafahamika. Hata hivyo sentensi ya kwanza imekosea neno, ya pili imekosea kiwango, na ya tatu, iliyo nzuri kuliko zote, imebeba hatari ambayo mwalimu hana budi kuiona. Tuzichunguze moja baada ya moja.

Hasimu ni nani?

Wenyeji wa Bugeshi wanamjua nyati. Hutoka katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, huvuka ukuta wa mawe uliojengwa kumzuia, na usiku mmoja huweza kuharibu viazi vya msimu mzima. Mwanafunzi aliyeamka asubuhi na kukuta shamba la baba yake limekanyagwa ana haki ya kukasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyomfanya achague neno zito. Lakini nyati hana kisa na mkulima. Amefuata majani tu. Kesho akikuta majani kwingine, ataenda huko bila kukumbuka alikotoka.

Neno hasimu halikubali hali hiyo. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi unaohusu kushindana na kuteta, hususan kule kwa watu wawili wanaodaiana mbele ya hakimu. Kiswahili kimelipokea pamoja na jamaa zake: uhasama, husuma, na kitenzi hasimiana. Tutazame kitenzi hicho. Kiambishi -an- mwishoni mwake kinaonyesha tendo la pande mbili: waliohasimiana ni watu wanaojuana, kila mmoja akifahamu kwamba mwenzake yumo ugomvini. Kwa upande mwingine, hatusemi kwamba watu "wameaduiana". Adui aweza kuwa wa upande mmoja. Aweza kuwa mtu nisiyemjua, wala yeye hanijui. Hasimu sharti tujuane.

Basi neno hasimu linadai mambo matatu: mtu au kundi la watu, upinzani wa pande mbili, na kisa chenye muda. Nyati anakosa yote matatu. Sentensi bora ni "Nyati ni mharibifu wa mashamba ya viazi" au, kwa ufupi zaidi, "Nyati wametutia hasara."

Fasihi yetu inalithibitisha jambo hili kuliko kamusi. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Hao wawili ni mahasimu kwa maana kamili: wanasimama mbele ya baraza moja, mmoja anashtaki na mwingine anajitetea, na kila mmoja anajua anachokipinga kwa mwenzake. Mwalimu akitaka kufundisha maana ya hasimu kwa mfano mmoja, hatapata ulio bora kuliko huo, kwa kuwa ndani yake maana ya kale ya wateta wawili mbele ya hakimu bado iko hai.

Sasa tulinganishe na Adili na Nduguze, kitabu cha mwandishi huyo huyo cha mwaka 1952. Ndugu wawili wa Adili, Hasidi na Mwivu, wanamtendea mabaya makubwa. Je, ni mahasimu wa Adili? La. Adili hana ugomvi nao. Anawapenda na anateseka anapolazimika kuwaadhibu. Chuki ni ya upande mmoja, na chanzo chake ni kijicho. Mtu wa namna hiyo Kiswahili humwita hasidi, na mwandishi ametusaidia kwa kumpa mmoja wao jina hilo hilo. Hasimu hukupinga kwa ulilolitenda au unalolidai. Hasidi hukuchukia kwa ulichojaliwa. Mwanafunzi akizitenganisha tabia hizi mbili, amejifunza neno na pia amejifunza kuwasoma watu.

Mfano wa tatu ni wa Fumo Liyongo, shujaa wa pwani. Hasimu wake ni mfalme wa Pate aliyeogopa kunyang'anywa kiti. Lakini aliyemuua kwa sindano ya shaba kitovuni ni mwanawe mwenyewe, aliyeshawishiwa kwa ahadi. Mwana huyo hakuwa hasimu wala hasidi, ni msaliti. Ndipo wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Visa hivi vitatu vinatupa majina matatu kwa watu watatu, na kumwita kila mmoja wao adui ni kuviondolea visa vyenyewe maana yake.

Kabla ya kuendelea, tukumbushane kanuni moja ya upatanisho inayowasumbua wanafunzi. Neno adui, kama rafiki na ndugu, huchukua kimilikishi cha yangu na zangu: adui yangu, maadui zangu. Hasimu huenda pamoja na wangu: hasimu wangu, mahasimu wangu. Kwa vitenzi na vivumishi, yote mawili hufuata viumbe hai: adui amefika, mahasimu wawili wamepatana.

Watani, mashemeji na wakeba

Sentensi ya pili inahusu mpira wa miguu, na hapo ndipo wanafunzi wetu wanapoandika kwa moyo wote. Rayon Sports ilianzishwa mwaka 1968, APR mwaka 1993, na siku zinapokutana Kigali, hata Bugeshi hugawanyika. Mwanafunzi akitafuta neno la Kiswahili la kueleza mambo hayo, huandika adui. Kwa nini? Kwa sababu anafasiri kutoka katika neno umwanzi, ambalo asili yake ni kwanga, yaani kukataa na kuchukia.

Ajabu ni kwamba lugha yake mwenyewe haisemi hivyo. Watangazaji wa michezo wa Kinyarwanda huiita timu pinzani mukeba. Mukeba ni mke mwenza. Wake wenza hushindana, hununiana na hupigana vijembe. Lakini wana mume mmoja, na watoto wao ni ndugu. Hakuna mukeba wa mtu baki.

Tukivuka mpaka kwenda Tanzania, tunakuta Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936. Upinzani wao ni mkali kuliko wowote katika nchi hiyo, na jina walilopewa ni watani wa jadi. Utani ni taasisi ya kale: uhusiano baina ya makabila au koo unaoruhusu kutaniana, hata kutukanana, bila mtu kukasirika, na unaowajibisha watani kusaidiana msibani. Mara nyingi imeelezwa kwamba makabila yaliyo watani ni yale yaliyowahi kupigana au kukutana katika safari za biashara. Yaani waliokuwa maadui waliona wapate njia ya kuendelea kushindana pasipo kumwaga damu. Nasi Wanyarwanda tulikuwa na ubuse baina ya koo, ambao ni jamaa wa utani huo.

Tukienda Kenya, tunakuta AFC Leopards, ya mwaka 1964, na Gor Mahia, ya mwaka 1968. Mashabiki wao wengi wametoka katika Waluhya na Wajaluo, ambao kwa miaka mingi wameoana. Pambano lao huitwa la mashemeji.

Basi nchi tatu, bila kushauriana, zimemtafutia mpinzani wa mchezoni jina la ujamaa: mukeba, mtani, shemeji. Hakuna hata moja iliyochagua adui. Uamuzi huo ni wa busara, maana unamweleza mshabiki kwamba huyo anayemzomea leo ni mtu atakayekula naye kesho. Magazeti ya Kiswahili nayo hutumia "mahasimu wa jadi", na hatuwezi kuyalaumu, kwa kuwa upinzani ni wa pande mbili na una kisa kirefu. Adui, hata hivyo, amepita kiasi. Mwanafunzi wetu aandike: "APR na Rayon Sports ni watani wa jadi; zikikutana, hushikana mashati mpaka dakika ya mwisho."

Umbali wa herufi moja

Sentensi ya tatu, "Umaskini ni adui yetu", ina ukoo wenye heshima. Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere na wenzake waliwafundisha wananchi kuwataja maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilizungumza kwa lugha ya vita, vita dhidi ya umaskini na uonevu. Tashihisi hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu iliwaunganisha watu bila kumtenga mtu. Mwenye kupigana na ujinga humpa mjinga daftari. Mwenye kupigana na maradhi humpa mgonjwa dawa. Adui alikuwa hali, wala hakuwa na uso, jina wala kabila.

Lakini tuitazame ngeli. Ujinga, ugonjwa, umaskini: majina haya ya hali huanza na u-. Badilisha kiambishi, u- iwe m-, na ujinga unakuwa mjinga, ugonjwa unakuwa mgonjwa. Ondoa u- tu, na umaskini unakuwa maskini. Umbali kati ya "ujinga ni adui" na "mjinga ni adui" ni herufi moja. Sentensi ya kwanza hujenga shule. Ya pili humfukuza mtoto shuleni. Mwanafunzi anayesahihisha viambishi kila siku anaweza kufahamishwa hapa kwamba kiambishi ni kidogo machoni na ni kikubwa matendoni.

Nchi yetu iliuvuka umbali huo. Mwezi Desemba 1991 Rais Juvénal Habyarimana aliunda tume ya maafisa wa jeshi na kuipa kazi ya kueleza namna ya kumshinda adui. Sehemu ya taarifa ya tume hiyo ilisambazwa jeshini mwezi Septemba 1992. Ilikuwa na fungu zima la kumfafanua adui na kumtambua: iliweka adui mkuu, kisha wafuasi wa adui. Adui mkuu alielezwa kuwa Mtutsi wa ndani au wa nje ya nchi anayetamani utawala wa zamani. Na wachunguzi wameonyesha kwamba mahali kadhaa katika waraka huo neno "Mtutsi" lilitumika badala ya neno "adui". Ni zoezi la msamiati, likatekelezwa na jeshi.

Magazeti na redio vilifanya yaliyobaki. Kangura, gazeti lililoanza mwaka 1990 chini ya Hassan Ngeze, mwenyeji wa Gisenyi hii yetu, na redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, viliyaeneza maneno inyenzi, yaani mende, na ibyitso, yaani washirika wa adui. Neno la pili lilikuwa na hatari yake ya pekee: lilimwezesha msemaji kumwongeza katika orodha ya maadui mtu yeyote, hata jirani asiye na silaha, hata mtoto. Mwaka 1994, katika muda wa siku 100 hivi, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza watu ambao kwa hesabu ya serikali ya Rwanda ni zaidi ya milioni moja. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia hatiani Ngeze na waanzilishi wawili wa RTLM mwezi Desemba 2003. Rufani ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo vyao, lakini hatia haikufutika yote. Mahakama hiyo ilikuwa Arusha, mji ule ule uliotoa jina la Azimio. Katika mji mmoja Kiswahili kilitangaza vita dhidi ya umaskini, na miaka 36 baadaye wakahukumiwa humo watu waliowageuza jirani zao kuwa adui.

Hatusemi kwamba mwanafunzi aliyeandika adui mahali pa mtani ni mkosaji wa namna hiyo. Tunasema kwamba mazoea ya neno huanza mapema, na kwamba sisi walimu ndio tunaokaa mlangoni pake.

Kikwazo na jamaa zake

Tugeukie upande wa pili. Wanafunzi wengi huandika: "Ukosefu wa maji ni adui wa Bugeshi." Kweli maji ni shida, ardhi ya volkano huyanywa maji ya mvua upesi, na mito huku ni haba. Lakini je, tunahitaji adui kueleza shida hiyo? Kiswahili kina maneno ya mambo yanayozuia, kila moja na picha yake.

Kikwazo kimetokana na kukwaa: ni kile kinachougonga mguu wa mpita njia. Aliyejikwaa huumia, hutazama chini, kisha huendelea. Neno hili lafaa kwa jambo linalochelewesha: "Umbali wa shule ni kikwazo kwa watoto wa darasa la kwanza." Kizuizi kimetokana na kuzuia, hicho husimamisha kabisa mpaka kiondolewe. Kipingamizi kimetokana na kupinga, kulaza kitu kukingama njia. Ndiyo sababu mahakamani wakili huweka pingamizi: kuna mtu aliyelilaza kwa makusudi. Kizingiti ni mbao ya chini ya mlango. Ukikiruka umo ndani, kwa hiyo hufaa kwa mtihani au sharti la kuingilia. Kinyarwanda kina inzitizi na imbogamizi, na mwanafunzi akiombwa kueleza tofauti yake kwa Kinyarwanda kwanza, ataziona tofauti za Kiswahili kwa wepesi zaidi.

Wakazi wa Rubavu wana mfano wao wenyewe. Vivuko viwili kati yetu na Goma vimejulikana kwa miaka mingi kwa majina ya Bariyeri Ndogo na Bariyeri Kubwa. Bariyeri ni kizuizi. Na hapo hapo penye kizuizi ndipo umati wa watu umezoea kuvuka kwenda kuuza mboga, kusoma na kuwatembelea shangazi na wajomba. Neno hilo hilo mwaka 1994 lilitaja mahali watu walipouawa barabarani. Jina la kizuizi halituelezi kama ni cha heri au cha shari. Linatulazimu kuuliza nani anakilinda na kwa nini. Hali ya adui ni nyingine: neno hilo likishatamkwa, watu huacha kuuliza.

Tukumbuke pia mwezi Januari 2025, wakati kundi la M23 lilipouteka mji wa Goma na makombora yakaangukia upande wetu wa Rubavu, raia wakafa. Wanafunzi wenye jamaa ng'ambo walisikia neno adui katika kila redio, kila upande ukimkusudia mwingine. Mwalimu wa lugha hawezi kuvisimamisha vita. Aweza kumpa mtoto maneno ya kusema "wanaopigana", "wakimbizi", "majirani", "waliotushambulia", kila neno mahali pake, ili asiutie mji mzima katika neno moja.

Majibu kwa hoja mbili

Wapo watakaosema kwamba lugha hukua, na kwamba mshairi ana ruhusa ya kuuita mto hasimu. Tunakubali. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na mto Sebeya ulibomoa nyumba nyingi wilayani kwetu. Mwandishi akiandika kwamba "Sebeya na sisi tumehasimiana tangu enzi za babu zetu: sisi tunauinulia kingo, nao unatungojea masika," tashihisi hiyo inasimama, kwa kuwa ameupa mto nia na kumbukumbu, na ameupa ugomvi pande mbili. Akiandika tu "Sebeya ni hasimu," amelibandika neno ukutani bila msumari. Anayeikiuka kanuni sharti kwanza aijue.

Wengine watasema kinyume: kwa historia tuliyo nayo, afadhali maneno haya yasifundishwe kabisa, watoto wafundishwe amani na upendo. Nia yao ni njema, lakini hatukubaliani nao. Mtoto asiyepewa neno mshindani hatakosa washindani. Atakosa tu jina la kuwaita, na ombwe hilo litajazwa na adui. Anayejua kusema "tumetofautiana", "tumegombana", "tunashindana", "ananionea kijicho", "hatupikiki chungu kimoja", ana ngazi ya kupanda na kushuka. Asiyejua ana ghorofa moja tu, nayo ni ya juu kabisa.

Wapo pia wanafunzi wanaosoma Kiingereza, lugha iliyofanywa ya kufundishia nchini kwetu kwa uamuzi wa mwaka 2008, na wanaotafuta neno moja la Kiswahili kwa yule mpinzani asiyeshindika anayemfuata mtu maisha yake yote. Wazungu humwita kwa jina la Nemesis, mungu wa kike wa Wagiriki wa kale aliyewaadhibu wenye kiburi. Kiswahili hakijaweka mambo hayo mawili katika neno moja, wala hakuna haja. Kwa mpinzani wa kudumu tunalo "hasimu wake mkuu" au, kwa Kiswahili cha pwani, "mbaya wake". Kwa adhabu ya kiburi tunazo methali: mchimba kisima huingia mwenyewe, na malipo ni hapa hapa duniani.

Mapendekezo

Tunawapendekezea walimu wenzetu wamfundishe mwanafunzi kujiuliza maswali manne kabla ya kuandika. Kwanza, ninayemtaja ni mtu, au ni hali? Ikiwa ni hali, nianze na kikwazo na jamaa zake. Pili, ikiwa ni mtu, upinzani ni wa pande mbili au wa upande mmoja? Tatu, tunagombea nini: kikombe, kiti, shamba, au uhai? Nne, je, sentensi yangu imeeleza sababu? Tunashauri swali la nne lifanywe sharti. Mwanafunzi asipate alama kamili kwa "Fulani ni hasimu wa fulani." Aandike: "Wale ndugu wawili ni mahasimu tangu walipogombea mpaka wa shamba." Sababu ikitajwa, msomaji huona kwamba uhasama una chanzo, na chenye chanzo chaweza kuwa na mwisho.

Kwa mazoezi, mwalimu aweza kutumia sentensi hizi, neno likijazwa na kuelezwa kwa nini limefaa:

1. Walioshtakiana juu ya kisima wamekuwa ______ kwa miaka kumi.
2. Simba na Yanga ni ______ wa jadi.
3. Ukungu unaokausha majani ya viazi ni ______ kikubwa cha kilimo chetu.
4. Ananichukia kwa sababu nimefaulu; huyo ni ______.
5. Tupigane na ______, tusipigane na mjinga.

Sentensi ya tano ndiyo tunayoithamini kuliko zote, nayo haidai ila kiambishi. Mwanafunzi atakayeijaza sawasawa, kisha akaweza kumweleza mwenzake kwa nini herufi ile ni u- wala si m-, atakuwa ameelewa somo hili lote.